Mbwa Akiwa Mhusika Mkuu wa Riwaya

Katika toleo lililopita tuligusia wahusika wanyama kwa aya mbili tu, na barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba hazikutosha. Nyingi zinahusu mbwa. Tumechagua sita, na zile zinazofanana nazo zimejibiwa humo humo.

Ili majibu yasielee hewani tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: Watasema, mbwa dume wa miaka mitatu, anayelinda lango huko Kigamboni, Dar es Salaam, pamoja na mlinzi wa usiku, Mzee Salehe. Jina la mbwa ni la fumbo, kama maandishi ya kanga. Mzee akimwita, majirani wanasikia.

SWALI: Nimeandika kurasa kumi na mbili za mwanzo. Mbwa anazaliwa chini ya kontena, ndugu zake wanakufa, mama yao anagongwa na gari. Rafiki yangu aliyezisoma anasema zinasikitisha lakini hana hamu ya kuendelea. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Lugha haina kosa. Kosa ni siku uliyoichagua. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio huanza kazi kuelekea wiki ya tatu, na kuachishwa kunyonya hukamilika kwenye wiki ya sita mpaka ya nane. Katika kurasa zako zote kumi na mbili mhusika mkuu hana analolifanya, anafanyiwa. Msomaji humhurumia anayefanyiwa, ila anayemfuata kurasa mia mbili ni yule anayefanya.

Chukua kalamu, pitia mswada wako, utafute kitenzi cha kwanza ambacho mtendaji wake ni mbwa na ambacho angeweza kutokitenda. Kunyonya hakimo, kulia kwa njaa hakimo. Kufuata mtu asiyemjua kimo. Kuacha nyama kinywani mwa mwenzake kimo. Popote utakapokikuta, riwaya yako inaanzia hapo, au pungufu ya ukurasa mmoja kabla yake.

Kwa Watasema tungeanza hivi:

“Kiti hakikuwa na joto. Watasema alikinusa mguu wa mbele, akakinusa mguu wa nyuma. Ugoro upo. Mafuta ya taa yapo. Raba ya buti ipo, lakini ni ya jana. Lango lilikuwa wazi upana wa pua. Tangu aletwe, neno lilikuwa moja: langoni hapatokwi. Akatoka.”

Angalia kilichomo. Kuna mtu anayekosekana, na hatujamtaja kwa jina. Kuna sheria moja, nayo imevunjwa na mbwa mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Hatujui kabila lake wala rangi ya manyoya yake, na hakuna msomaji atakayevidai mapema hivyo. Maelezo ya umbo yasubiri mpaka mtu mwingine amtazame, kwa sababu mbwa hajitazami.

Kuhusu kuzaliwa chini ya kontena, usikutupe. Kuhifadhi kwa sura ya tisa hivi, mvua inapolowesha chuma chenye kutu na harufu ile ikamsimamisha mbwa njiani bila yeye kujua sababu. Mistari mitatu itatosha, tena itauma kuliko kurasa kumi na mbili.

SWALI: Nilianza kwa “mimi”, nikaona mbwa wangu anahutubia. Nikahamia nafsi ya tatu, nikajikuta nasimulia habari za watu tu na mbwa amekaa pembeni. Nishike ipi? Na je, aongee na wanyama wenzake? (Mwandishi anayeanza, Tanga)

JIBU: Tuanze na la mwisho. Katika ngano zetu sungura na fisi wanaongea, na msikilizaji anajua papo hapo kwamba fisi ni ulafi na sungura ni ujanja. Njia hiyo ina heshima yake, ila ukiishika kila tendo la mbwa litasomwa kama fumbo la binadamu. Kwa hadithi ya kurasa sitini inabeba. Kwa riwaya ndefu msomaji huchoka kufumbua. Kama unataka mbwa aliye mbwa, asiongee. Mbwa wawili wakikutana waache wazungukane, wanusane chini ya mkia, mmoja asimamishe nywele za mgongo, mwingine ageuze uso. Ukieleza hayo kwa makini tumeshajua nani mkubwa.

Sisi tunapendekeza nafsi ya tatu iliyokaa karibu sana na pua yake. Shida ya “mimi” ni msamiati. Msimulizi akisema “mimi”, kila neno alilotumia tunamhesabia yeye, na mbwa anayejua neno “mkataba” ameshaacha kuwa mbwa.

Sasa lugha yenyewe, na hapa tunaomba usome polepole. Vitenzi vya Kiswahili vinakupa sauti ya mbwa karibu nusu yake bila gharama.

Wakati wa -me- ndio wakati wa pua. Mtu akitazama kichochoro kitupu huona kichochoro kitupu. Mbwa akikinusa anasoma: amepita, amesimama hapa, ameumia mguu, amekojoa kwa hofu. Tendo limekwisha, alama yake ipo bado, na kazi ya -me- ni hiyo hiyo. Hu- ni elimu yake: lango hufunguka baada ya adhana, sufuria hulia kabla ya chakula, buti hili hupiga teke. Na -ka- ni mwendo wake, tendo likizaa tendo: akanusa, akarudi, akachimba.

Usichompa ni -nge- na -ngali-. “Kama Mzee asingeondoka, wangekuwa wamekula” ni majuto ya msimulizi aliyejipenyeza kichwani mwa mbwa. Kila ukiikuta -nge- humo, ifute na mahali pake uweke tendo: amelala juu ya koti tupu. Hiyo ni kanuni ya uandishi tu, hatusemi lolote juu ya yaliyomo moyoni mwa mbwa.

Kuna mtego mmoja ambao umewanasa karibu wote walioandika. Mbwa yuko ngeli ya A-WA pamoja na watu, kwa hiyo sentensi kama “alimtazama, akainama, akamlamba mkono, naye akamsukuma” haina mwenyewe. Nani alimtazama nani? Wengi hutibu kwa kurudia jina la mbwa kila mstari, na ukurasa unakuwa kama orodha ya mahudhurio. Dawa nzuri zaidi ni kuviacha viungo na vitu vya binadamu vitende: “Macho ya Mzee yalishuka. Watasema akainama, akalamba mkono wenye ugoro. Mkono ukamsukuma.” Mkono uko U-I, buti liko LI-YA, sauti iko I-ZI. Utata umekwisha, na zaidi ya hapo umeandika jinsi mbwa anavyowapata watu: buti kwanza, mkono, kisha sauti kutoka juu.

Ngeli hizo hizo zinakupa njia ya kuonyesha uhusiano bila kueleza. Katika sura ya pili mwenye nyumba anasema, “Liondoeni jibwa hili.” Katika sura ya ishirini na mbili mama huyo huyo anasema, “Mleteeni maji, ana kiu.” Kutoka li- hadi m-. Usiongeze sentensi ya kusema moyo wake umebadilika.

Na mazungumzo ya watu? Yaandike kama yalivyo, lakini mbwa ashtuke kwa yale maneno machache anayoyajua tu: jina lake, njoo, toka, shika, kula. Mfano wetu una bahati hapa, maana kila mtu akisema “watu watasema”, mbwa anainua kichwa. Watu wawili wananong’ona jambo la aibu upande wa pili wa ukuta, neno hilo linatajwa, mkia unapiga sakafu, nao wananyamaza kwa hofu kwamba kuna anayewasikia.

SWALI: Mhariri amenikatia sentensi “aliona kanga nyekundu ikipepea kwenye kamba”. Kwa nini? (Mombasa)

JIBU: Kwa sababu mbwa hutofautisha vizuri bluu na manjano, nyekundu kwake ni rangi iliyofifia, karibu na hudhurungi, na huwa haiachani sana na kijani cha majani. Kupepea kwenyewe atakuona mara moja, macho yake ni hodari kwa kitu kinachojongea.

Ila mhariri angeweza kukupa sababu kubwa zaidi: kwamba ulianza na macho. Mbwa ana vipokea harufu zaidi ya milioni 200 puani, binadamu ana kama milioni tano au sita. Masikio yake hufika hertzi 45,000 hivi, yetu huishia 20,000. Kanga hiyo ilimfikia kama sabuni, jua, na mwili wa mtu fulani kabla haijawa kitambaa.

Kiswahili cha Pwani kina maneno ya harufu ambayo waandishi wanayaacha yalale: shombo, vumba, uvundo, kikwapa, riha, uturi, mnuko. Tena kina tofauti ya kunuka na kunukia. Kwako samaki aliyelala siku tatu ananuka. Kwa Watasema ananukia, na marashi ya mgeni ndiyo yanayonuka. Ukigeuza vitenzi hivyo viwili tangu ukurasa wa kwanza, msomaji anaingia ndani ya pua bila kuelekezwa.

Usizidishe. Harufu tatu kwa tukio moja zinatosha, na moja kati yake iwe ndiyo inayoamua jambo. Na pua ina mipaka yake: njia ya harufu ardhini hudumu kwa saa au siku kutegemea hali ya hewa. Alfajiri yenye unyevu huihifadhi, lami ya mchana huiua, mvua kubwa huisambaza. Mbwa anayefuata nyayo za wiki tatu katikati ya jiji ni muujiza, na msomaji aliyewahi kufuga mbwa atafunga kitabu.

Saa nazo. Joto la Dar es Salaam kati ya saa tano na saa tisa mchana humlaza mbwa kivulini, ulimi nje, akitweta, kwa kuwa jasho lake hutoka kwenye nyayo tu. Mapambano ya saa saba mchana yahamishie saa kumi na moja alfajiri.

SWALI: Nina mwanzo, nina mwisho, katikati hamna kitu. Mbwa anatangatanga, anakutana na watu wema na wabaya, anaendelea. Nawezaje kupanga kurasa 180? (Nakuru)

JIBU: Tuanze na hesabu. Kurasa 180 za A4 zilizochapwa kwa nafasi mbili ni kama maneno 48,000 ya Kiswahili. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo ukurasa hubeba 270 hivi. Gawa sura 24 za maneno 2,000. Sura tano za mwanzo, kumi na tatu za kati, sita za mwisho. Namba hizi si amri, ila ukiwa na sura kumi na moja za mwanzo ujue tatizo liko huko na si katikati.

Halafu jiulize mbwa anataka nini, na jibu liwe kitu kinachoweza kunuswa. “Anataka upendo” haifai kwa sababu hutajua siku amekipata. “Anataka kiti kiwe na joto tena” inafaa. Watasema anamtaka Mzee. Mzee alianguka usiku akiwa kazini, akapelekwa hospitali ng’ambo kwa pantoni, na mwenye nyumba ameweka mlinzi mwingine. Mbwa hajui hata moja katika hayo. Anajua buti limeishia kwenye geti la kivuko, na baada ya hapo ni maji.

Sura ya tano iishe kwa tendo lisilorudika: anaingia pantoni katikati ya miguu ya watu, mlango wa chuma unainuliwa. Upande wa pili, Magogoni, kuna soko la samaki la Feri, na shombo la Feri linafunika kila kitu. Ameipoteza njia. Hapo ndipo sehemu ya kati inapoanza, na kutangatanga ndipo kunapowapata waandishi wengi, kwa sababu kila mahali papya panakuwa kisa kinachojitegemea.

Igawe katika himaya tatu. Feri, sura ya 6 hadi 9. Kibanda cha mama lishe, 10 hadi 13. Machinjioni Vingunguti, 14 hadi 18. Kila himaya impe kitu, imnyang’anye kitu, na aondoke kwa kuamua mwenyewe. Feri inamfundisha kuiba na kunyamaza, inamchukulia ncha ya sikio. Mama lishe anampa ukoko wa ugali, kivuli, na jina jipya, Bobi; kinachochukuliwa hapo ni njaa, na hili ndilo jaribu kubwa kuliko yote kwa sababu ni zuri. Vingunguti kuna damu, mifupa, na kundi lenye dume lake. Pale anapata nguvu na anapoteza woga wa binadamu, jambo ambalo litamgharimu atakaporudi langoni.

Katikati kabisa, sura ya 12, weka mgeuko. Watasema ameshiba, amelala kibandani, na buti la Mzee linapita. Ni lile lile: ugoro, mafuta ya taa, raba. Anaruka, anaacha chakula, anafuata mpaka mtaa wa tatu. Mguu uliomo ndani si wa Mzee. Buti limeuzwa. Ona kwamba hatukuhitaji njia ya harufu iliyokwishakauka. Raba na kitambaa cha ndani ya kiatu hushika jasho la mtu muda mrefu. Ona pia kwamba msomaji sasa anaanza kuhofia hali ya Mzee huku mbwa akijua tu kwamba pua imemdanganya kwa mara ya kwanza. Pengo hilo kati ya anayojua msomaji na anayojua mbwa ndilo linalovuta sura kumi na mbili zilizobaki. Chora safu mbili kwenye karatasi, “msomaji anajua” na “mbwa anajua”, uzijaze sura kwa sura. Safu ya kwanza ikisimama bila kuongezeka kwa sura tatu, habari ya watu imelala.

Kabla hujaandika, kata kadi 24. Kila kadi mistari minne: anataka nini sasa, nini kinamzuia, anafanya nini, nini kimebadilika. Mstari wa tatu ndio wenye kazi. Mbwa ana vitenzi vichache vyenye uzito wa kuamua: kufuata, kubaki, kukimbia, kujificha, kubweka, kunyamaza, kuuma, kuachia, kula, kukataa chakula, kuchimba. Chagua kimoja kwa kila kadi na usirudie kile kile kadi mbili mfululizo. Kisha tafuta kiambishi -w-. Alibebwa, alifungwa, alipewa, alifukuzwa: kadi tatu mfululizo za namna hiyo na mhusika mkuu wako amekuwa mzigo unaosafirishwa. Tumeona miswada mingi ikifia hapo, nayo iliandikwa na watu wenye kalamu nzuri sana.

Muundo wa mbwa kupita mikononi mwa mabwana mbalimbali ni wa zamani na unafanya kazi. Mwandishi wa Marekani Jack London aliutumia mwaka 1903 katika riwaya yake fupi ya sura saba, The Call of the Wild, ambamo mbwa Buck anaibwa California na kupelekwa kaskazini kwenye theluji kuvuta sleji, gari la kuteleza lisilo na magurudumu. Kinachouunganisha ni kwamba kila bwana anamwachia Buck uwezo au jeraha analolitumia kwa bwana anayefuata: rungu linamfundisha kutii, hatamu zinamfundisha kazi, uongozi wa timu unamwamsha ukali. Ukiweza kubadilishana himaya ya pili na ya tatu bila kitu kuharibika, bado hujaziunganisha.

Panga na majira. Masika ya Dar es Salaam ni Machi hadi Mei. Tukianza mwishoni mwa Februari, mvua kubwa inafika karibu na sura ya 15, inafuta alama zote alizoweka njiani, na kurudi kunakuwa kugumu kwa sababu ya kweli. Na angalia mwaka. Kabla ya 2016, kurudi Kigamboni bila pantoni kulimaanisha kuzunguka mbali sana. Aprili ya mwaka huo Daraja la Nyerere lilifunguliwa Kurasini. Hadithi yako ikiwa ya baada ya hapo, mbwa anaweza kuvuka kwa miguu usiku, na sura ya 19 yote inaweza kuwa daraja hilo: upepo wa chumvi kutoka pande zote mbili, lami iliyopoa, taa, na hakuna pa kujificha.

SWALI: Familia katika riwaya yangu ni ya Kiislamu, Pangani. Naogopa kuwafanya waonekane wakatili kwa mbwa. Niiandikeje? (Dada wa Muheza)

JIBU: Dada, iandike kwa undani wake na hofu itaondoka yenyewe. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Pwani, mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Mbwa wa ulinzi na wa kuwinda wanaruhusiwa kufugwa. Wasomaji wako pia wanaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, akasamehewa. Hayo yote matatu yanaishi katika nyumba moja bila kugombana.

Kwa mbwa, sheria hizo ni ramani. Kizingiti hakivukwi. Sahani yake ni ile iliyomeguka, chini ya mwembe. Mikeka ikitandikwa, anakwenda nyuma ya banda la kuku. Anazijua kwa hu-, bila sababu.

Sasa tazama tukio linavyozaliwa. Mvua imenyesha, ni magharibi, baba amevaa kanzu safi anakwenda msikitini kuswali jamaa. Mbwa aliyepotea siku mbili anarudi, amelowa, anajisugua miguuni mwa baba. Kanzu imeingia najisi. Baba lazima arudi aoshe miguu, afue palipoguswa, na jamaa itampita. Anaweza kukasirika. Anaweza kusimama pale pale barazani, kanzu imelowa, akasema, “Umerudi,” kisha akamwita mwanawe alete maji na udongo. Hakuna ukatili hapo, na hakuna aliyevunja dini yake. Kinachotakiwa kwako ni kuhesabu hatua zile saba za kuosha na kuzionyesha, maana ndani ya uoshaji huo ndimo mapenzi yake yanapoonekana.

Usiruke kuandika kwamba mtoto wa familia anamkumbatia mbwa kitandani na wote wanacheka. Hilo limetoka kwenye filamu za kwingine.

SWALI: Mwisho wangu: mbwa wangu, Simba, anaumwa na mbwa mwenye kichaa, jioni ile ile anashikwa na kichaa, anaogopa maji, anamuuma mwizi na kumuua, naye anakufa. Inakubalika? (Mwanza)

JIBU: Hapana, kwa sababu za utabibu na kwa sababu ya riwaya yenyewe.

Kichaa cha mbwa huchukua wiki hadi miezi tangu kuumwa mpaka dalili kuanza. Jioni ile ile haiwezekani. Dalili zikishaanza, mbwa hufa kwa kawaida ndani ya siku kumi. Anaweza kuambukiza kwa mate siku chache kabla ya dalili kuonekana. Mbwa mwenye kichaa hakimbii maji kama inavyosimuliwa. Koo linapooza, anajaribu kunywa anashindwa, mate yanamtoka, kubweka kunabadilika na kuwa kwa sauti ya kukwaruza. Wengine hawawi wakali hata kidogo, wanapooza na kujificha mahali pa giza. Na mtu aliyeumwa na mbwa huyo hafi palepale. Anaosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, anakwenda kituo cha afya kupewa chanjo siku hiyo hiyo, na akifanya hivyo mapema anapona. Mwizi wako akiumwa akafa ukurasa uleule, kuna msomaji mahali fulani atakayejifunza kwamba hospitali haina msaada. Tafadhali usimfundishe hivyo.

Simba kama amechanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, kisa chote kinaanguka. Kama hajachanjwa, hesabu kurudi nyuma: kwa kichaa cha sura ya 22, kuumwa kuwe sura ya 14 au kabla, na kati yake zipite wiki ambazo kila mtu ameshasahau jeraha dogo la shingoni.

Lakini kichaa kinamwondolea Simba uamuzi, na ulimbeba kurasa mia na themanini ili aamue. Mpe mwisho wenye vitenzi viwili, aweze kuchagua kimoja. Amshike mwizi au amwachie, kwa kuwa mwizi ananukia kama mtoto aliyemlea. Abweke au anyamaze. Kufa au kupona kwake kuamuliwe baada ya hapo, na kukifika, kifo kiwe kifupi, kwa mtazamo wake mwenyewe mpaka pumzi ya mwisho. Ukiruka kutoka kichwani mwake kwenda kwa wanaolia, umemwacha peke yake wakati msomaji alitaka kubaki naye.

Mzee Salehe, kwa wanaouliza, yuko hai. Sura ya 24 ina mlinzi mpya langoni, kiti kile kile, na Mzee amekaa chini kwenye benchi, mguu mmoja hauna nguvu, ananuka dawa ambayo Watasema haijui. Ugoro hakuna, daktari amemkataza. Mbwa ananusa mguu wa mbele wa benchi, ananusa mguu wa nyuma, na kwa mistari kumi hivi bado hajaamua.